Samaki wa kupaka wa Lamu: kwa nini nyumbani hatoki vile?

#1 Mla_Kolekole (Malindi)

Salaam wadau. Kuna swali limenikaa kifuani tangu Februari.

Nilipanda basi hapa Malindi, nikapita Garsen na Witu hadi Mokowe, nikavuka kwa boti kuingia Lamu. Siku tatu. Jioni ya kwanza niliketi kwenye kihoteli kimoja cha mtaa wa Langoni, meza nne na mabenchi, nikaagiza samaki wa kupaka na wali wa nazi. Akaletwa kolekole aliyepasuliwa mgongoni na kukunjuliwa, ngozi imebabuka madoa madoa, juu yake tui la rangi ya manjano limemkamata, halitiririki. Nilipotia kidole, lile tui likaachana taratibu kama utando wa maziwa yaliyopoa, na chini yake nyama nyeupe ikatoka pande kwa pande, ina maji yake. Kwanza unapata nazi, halafu moshi. Uchachu wa ukwaju unakuja mwisho kabisa, tonge limeshashuka. Nilirudi kesho yake, nikarudi na kesho kutwa.

Sasa nimeshapika nyumbani mara saba. Samaki nanunua mwenyewe asubuhi, nazi nakuna mwenyewe. Namsiriba tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, ndimu na chumvi, nachoma, tui napika pembeni, nalitia manjano na ukwaju, kisha namwagia. Anatoka samaki mzuri, watoto wanamaliza sahani. Lakini si yule. Mara tui linakatika, mara nyama inakauka, na ule moshi siupati hata siku moja.

Wanaojua: siri iko kwa samaki, kwa nazi, kwa moto au kwa mkono wa mpishi?

#2 Makaa_Mekundu (Mombasa)

Moto. Unachomea wapi?

#3 Mla_Kolekole (Malindi)

Oveni ya gesi, moto wa juu.

#4 Makaa_Mekundu (Mombasa)

Nilijua. Ndugu yangu, moshi wa samaki wa kupaka hautoki kwenye makaa peke yake. Makaa yakishakolea hayana moshi wa maana. Unatoka pale mafuta ya samaki na matone ya tui yanapodondokea kwenye kaa jekundu, yanachemka mara moja, yanapanda kumrudia samaki. Kwenye oveni moto uko juu na mafuta yanaangukia sinia la chini, yanatulia pale. Huo moshi utoke wapi?

Na jambo la pili, umesema mwenyewe "kisha namwagia". Anaitwa samaki wa *kupaka*. Unapaka akiwa motoni, unangoja tui likaukie, unapaka tena. Mimi napaka mara tatu. Huyo wako ni samaki wa kumwagiwa.

#5 BintiLangoni (Lamu)

Makaa_Mekundu umesema kweli, ila kwetu ni mara mbili, ya tatu inalifanya tui lote lionje jivu. Na upande una maana yake. Samaki aliyepasuliwa mgongoni tunamlaza kwanza upande wa nyama, kidogo tu, ashike rangi. Halafu tunamgeuza alale kwa ngozi na hatumgeuzi tena. Ngozi inakuwa kama kikaango chake. Tui unalipaka juu ya nyama wakati chini anaendelea kuiva polepole. Kwa hiyo moto hauigusi tena nyama moja kwa moja, na ndiyo maana ulimkuta na maji yake.

Mla_Kolekole, oveni yako inafanya kinyume chake. Moto wa juu unapiga nyama, ngozi iko chini haina kazi.

#6 Mla_Kolekole (Malindi)

Hili la ngozi sikuwahi kulifikiria. Ahsante dadangu. Jiko la makaa ninalo, Jumamosi nitajaribu.

#7 NahodhaMstaafu (Kizingitini)

Nimesoma yote, hakuna hata mmoja aliyeuliza la kwanza kuulizwa. Ulikula Lamu Februari. Hizo mara saba za nyumbani ulipika lini?

#8 Mla_Kolekole (Malindi)

Mbili mwezi wa tano, zilizobaki mwezi wa sita na wa saba.

#9 NahodhaMstaafu (Kizingitini)

Basi. Februari ni kaskazi, bahari imelala, vyombo vinatoka nje ya mwamba na kurudi na samaki wa siku ile ile. Mwezi wa tano hadi wa nane ni kusi. Bahari inachafuka, maji yana tope, wengi tunabaki ndani ya mikono ya bahari na kwenye mikoko. Samaki wakubwa wa nje wanapungua, bei inapanda, na kilichoko sokoni pengine kimelala siku mbili tatu. Umefananisha samaki wa kaskazi na samaki wa kusi, kisha unalaumu jiko.

#10 BintiLangoni (Lamu)

Baba nahodha, shikamoo. Kwa heshima yako, hoteli anayoisema nadhani naijua, na mimi nimekula pale mwezi wa saba. Ladha ni ile ile. Samaki alikuwa mdogo zaidi, na bei kubwa zaidi, lakini tui na moshi havikubadilika.

#11 NahodhaMstaafu (Kizingitini)

Marahaba mwanangu. Kama ladha haikubadilika basi ulikula tui, samaki hukumsikia.

#12 Kifumbu (Mombasa)

Nahodha ametusaidia bila kukusudia. Ni tui, na mleta mada amekiri mwenyewe kwamba tui lake linakatika. Niulize maswali ya nazi.

Moja: unakamua mara ngapi, na unayachanganya? Tui la kwanza, lile zito tunaloita kasimile, halipikwi pamoja na la pili. La pili ndilo linaloanza kwenye sufuria pamoja na vitunguu na viungo, linachemka mpaka linapungua. Kasimile linaingia mwisho, moto mdogo, na mkono hautoki kwenye mwiko mpaka litokote mara ya kwanza. Ukiliacha lichemke kwa nguvu bila kukoroga, mafuta yanajitenga na maji, unabaki na chembechembe nyeupe zinaogelea. Huko ndiko kukatika.

Mbili: unatia ukwaju lini? Kitu kikali kikiingia kwenye tui linalochemka, linakatika upesi zaidi. Epua kwanza, lipoe kidogo, halafu tia.

Tatu: unakamua na maji gani? Nazi haitoi mafuta yake kwa maji baridi. Mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzijoto 24 hivi. Tumia maji ya uvuguvugu, machache sana kwa tui la kwanza.

#13 Mpwani_Nairobi (Nairobi)

Kifumbu umenifumbua macho. Hapa Nairobi mwezi wa saba jikoni kwangu ni baridi, nikikuna nazi na kukamua na maji ya bomba napata maji meupe tu, na mikono imejaa mafuta yaliyoganda kama mshumaa. Miaka minne nadhani wananiuzia nazi mbovu.

Nikaishia kununua tui la kopo. Hilo halikatiki hata ulichemshe jioni nzima, lakini pia halimkamati samaki, linateleza.

#14 Kifumbu (Mombasa)

Soma kibandiko cha kopo. Mengi yametiwa gamu ya kuyafanya yasiachane. Ndiyo maana halikatiki. Na halikamati kwa sababu kinachomkamata samaki ni mafuta ya nazi yanayoanza kujitoa pembeni kidogo tu tui likiwa limekaribia kukauka. Tui ambalo limezuiwa lisiachane haliwezi kufanya hivyo.

#15 MnaziNjuri (Kilifi)

Mnakwenda mbio. Kabla ya kukamua kuna kuchagua. Mnazi una kidaka, kitale, dafu, koroma, ndipo inakuja nazi. Watu wa mjini wakiona kitu kimefuliwa na kina nyama nyeupe wanasema nazi. Nusu ya zinazouzwa ni koroma, hasa mfungo wa Ramadhani ukikaribia na kila mtu anataka nazi kwa wakati mmoja, mkwezi anaangusha zisizokomaa. Koroma ina nyama laini, inakunika vizuri, tui jeupe, lakini mafuta hamna. Utalipika mpaka asubuhi halitakuwa zito.

Itikise sikioni. Nazi iliyokomaa maji yanacheza ndani, kwa sababu yamepungua. Dafu limejaa, halisemi. Na ukivunja, bonyeza nyama kwa ukucha. Ukucha ukizama, hiyo ni koroma.

#16 Mla_Kolekole (Malindi)

MnaziNjuri nimekwenda jikoni sasa hivi. Nazi tatu nilizonunua jana, mbili ukucha umezama.

#17 Muamu_Asli (Lamu)

Wote mwasema samaki, mwasema nazi, mtuzi wenyewe hamuuyui. Mimi nimezawa mtaa wa Mkomani, na mamangu hakutia manjano katika samaki wa kupaka hatta siku moya. Pilipili mbiti, thumu, tangawizi, ukwayu, tui, basi. Hiyo rangi ya manjano ni mambo ya yuzi, ya kupendeza mato ya wageni. Na samaki wa kupaka ni tewa, si kolekole. Kolekole nyama yake yakauka upesi.

#18 Mwalimu_Pwani (Malindi)

Kwa wasioijua lugha ya wenyewe: tewa ni chewa. Kiamu, lahaja ya Lamu, hutumia *t* pale wengine tunapotumia *ch*, kwa hiyo mchuzi ni mtuzi, mchele ni mtele, macho ni mato. Na *j* nyingi huwa *y*: moja ni moya, jua ni yua.

Ila ndugu Muamu_Asli, manjano si mambo ya juzi. Bizari hiyo imepita kwenye bandari hizi pamoja na majahazi ya kaskazi karne nyingi. Inawezekana nyumbani kwenu haikutiwa, lakini huwezi kuwanyima wengine.

#19 Muamu_Asli (Lamu)

Mwalimu, sikusema haikuwepo Amu. Nimesema haikuwepo katika samaki wa kupaka. Katika pilau na katika mtuzi wa papa twatia.

#20 BintiLangoni (Lamu)

Kwetu tunatia manjano na nyanya hatutii. Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, anatia nyanya na embe bichi badala ya ukwaju. Sote ni wa Langoni. Nadhani kila nyumba ina lake.

Lakini nataka kusema jambo jingine ambalo naona uzi mzima umelipita. Mleta mada anauliza kwa nini nyumbani hatoki kama wa hotelini. Kwa mtu wa Lamu swali hilo linakwenda kinyumenyume. Chakula chetu kiko majumbani. Mama zetu hawakuwa watu wa kula hotelini, na hoteli zilikuwa za mabaharia, wachukuzi na wageni. Hotelini ulikwenda kunywa chai na mahamri na mbaazi, au kula supu. Ukitaka biriani ya kweli ulingoja harusi. Ukitaka pilau ulingoja Maulidi pale msikiti wa Riyadha. Na hata leo, vihoteli vingi vidogo havipiki kila kitu. Mama mmoja anapika nyumbani kwake, mtoto anabeba sufuria kichwani saa kumi na moja jioni, anapita kwenye vichochoro mpaka pale. Mimi mwenyewe nimepeleka tui la kupaka kwenye hoteli mbili kwa miaka sita. Hoteli ina jiko la makaa na samaki. Tui linatoka kwetu.

Kwa hiyo ndugu Mla_Kolekole, huenda ulichokula pale ni chakula cha nyumbani kilichokodishwa meza.

#21 Makaa_Mekundu (Mombasa)

"Chakula cha nyumbani kilichokodishwa meza." Dada, umesema.

#22 Mla_Kolekole (Malindi)

BintiLangoni, nilimwona huyo mtoto! Kijana wa miaka kumi hivi, sufuria imefungwa kwa kanga. Nikadhani anapeleka chakula kwa babake.

#23 MpishiWaHoteli (Malindi)

Habari zenu. Nimepika kwenye hoteli za Waitaliano hapa Malindi miaka 19, niseme kidogo.

Naheshimu moto na nazi, lakini mnamsahau samaki baada ya kununuliwa. Mleta mada amesema anasiriba ndimu na chumvi. Kwa muda gani? Hapa wengi wanalaza samaki kwenye ndimu tangu asubuhi wakidhani kiungo kinaingia. Ndimu inapika nyama. Itazame: nyama iliyokuwa inaangaza inakuwa nyeupe kama chaki, imeshaiva kabla haijaona moto. Ukiichoma inaiva mara ya pili, ndiyo inakauka. Mpishi wangu mkuu wa kwanza alinikataza ndimu mpaka samaki yuko mezani. Mafuta ya zeituni, chumvi, motoni, basi.

Nilikuwa nikibishana naye kwa sababu mimi ni mtu wa nazi. Siku moja nikampikia samaki wa kupaka kwa njia ya kwetu, ila ndimu nikaipunguza ikawa ya dakika kumi. Alikula akafuta sahani kwa mkate. Kesho yake akaniambia niweke kwenye menyu.

#24 Mla_Kolekole (Malindi)

Mimi nalaza usiku kucha...

#25 NahodhaMstaafu (Kizingitini)

Usiku kucha! Huyo samaki amekufa mara mbili.

#26 Mpwani_Nairobi (Nairobi)

Kwani samaki wa barafu ndiye tatizo letu sisi wa bara? Huku wote wanafika wakiwa kwenye barafu.

#27 NahodhaMstaafu (Kizingitini)

Hapana, na hapa watu wa pwani pia tunajidanganya. Samaki aliyetiwa barafu mara tu alipotoka majini ni bora kuliko aliyelala kwenye mashua saa tano chini ya jua, kisha akaitwa freshi kwa sababu ameshushwa leo. Mbaya ni barafu iliyoyeyuka, samaki akabaki anaogelea kwenye maji yake.

Tazama jicho, liwe limetoka nje na linang'aa, lisiwe limezama na ukungu. Funua matamvua, yawe mekundu. Bonyeza kwa kidole, shimo lirudi. Pua yako ndiyo hakimu wa mwisho.

#28 Mja_na_Maji (Malindi)

Naomba niulize kando kidogo. Mwaka jana nilijaribu kumpaka jodari. Kabla sijamaliza kula uso ukawa mwekundu, mwili unawasha, moyo unakwenda mbio. Nikaambiwa nina mzio wa samaki. Lakini wengine wote nakula bila shida.

#29 NahodhaMstaafu (Kizingitini)

Huo si mzio wa samaki wote. Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto kabla ya barafu, nyama yao inatengeneza sumu inayowasha, na ladha yake ni kama pilipili ulimini. Kupika hakuiondoi, hata umchemshe siku nzima. Jodari anayekaa juani usimnunue hata kwa nusu bei. Na ukipatwa tena, nenda hospitali, usingoje.

#30 MpishiWaHoteli (Malindi)

Nathibitisha aliyosema nahodha. Tulirudisha jodari mzima wa kilo nyingi kwa sababu hiyo.

#31 Mja_na_Maji (Malindi)

Ahsanteni, mmenitoa hofu. Sasa nirudi kwenye mada na nadharia yangu: ni maji. Maji ya Lamu yanatoka visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga. Mvua inanyesha, mchanga unaichuja, maji matamu yanakaa juu ya maji ya chumvi. Wali wa nazi niliokula Shela sijaupata popote, na mchele ulikuwa ule ule wa dukani tunaonunua sote. Kilichobadilika ni nini kama si maji?

#32 Kifumbu (Mombasa)

Kwa wali nakubali, wali unakunywa maji mengi. Kwa samaki wa kupaka hapana. Kasimile linachukua kikombe kimoja cha maji, pengine nusu.

#33 BintiLangoni (Lamu)

Na maji yenyewe sasa si yale ya zamani. Nyumba nyingi mjini visima vyao vina chumvi, ya kupikia tunanunua kwa madumu. Lakini nikiri kitu: nyanyangu alikuwa akisema chumvi ya kisima chetu ndiyo chumvi ya wali, na hakuwa akitia nyingine. Alipohamia kwa mjombangu Mombasa, kila mtu akasema mkono wa bibi umeharibika. Wali ulikuwa chapwa, naye anapika vile vile alivyopika miaka hamsini. Hakujua kwamba kisima kilikuwa kinamtilia chumvi.

#34 Mja_na_Maji (Malindi)

Umeona! Maji!

#35 Kifumbu (Mombasa)

Chumvi, ndugu yangu. Chumvi.

#36 Muamu_Asli (Lamu)

Na wali mwasahau kupalia moto. Mtele ukikauka mai, unafunika, watia makaa yuu ya kifuniko, na tini waondoa mengine. Wali waiva yuu na tini. Nani mwenye jiko la gesi aweza hayo?

#37 Makaa_Mekundu (Mombasa)

Tumerudi kwa moto. Nilisema tangu #2.

#38 BintiLangoni (Lamu)

Muamu_Asli umenikumbusha nyumba ya nyanyangu. Meko yalikuwa juu kabisa, kidari cha meko, karibu na dari. Moshi unapanda na kwenda zake, upepo wa bahari unapuliza makaa bila mtu kupepea. Mimi nilikuwa nakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, miguu huku na huku, kifuu mkononi. Unakizungusha kidogo kidogo ule ulimi wa chuma usikwaruze mpaka kwenye ganda la kahawia, maana ukilifikia tui linakuwa la kijivu na nyanya anaona. Anaona kutoka mbali! "Umefika mfupani," anasema, na hiyo nazi inawekwa kando kwa ajili ya kuku. Nazi iliyokunwa ikishajaa sinia anaichukua, anatia maji ya uvuguvugu kwa kiganja, kiganja kimoja tu, anasugua mpaka inaanza kutoa sauti kama ya matope mepesi. Ndipo anajaza kifumbu na kukisokota. Tui la kwanza lilikuwa linatoka polepole kama uji, si kama maziwa. Sijapata kuona tena tui vile, hata langu.

#39 Mla_Kolekole (Malindi)

Nimesoma hii mara tatu. Mimi nimekuwa nikikuna mpaka kahawia na kutia jagi zima la maji.

#40 MnaziNjuri (Kilifi)

Jagi zima kwenye koroma. Pole sana mkuu.

#41 Mla_Kolekole (Malindi)

Wadau, marejesho. Jumamosi nimepika mara ya nane.

Nazi nne nimezitikisa sikioni na kuzipima kwa ukucha. Nimekuna bila kufika kahawia, maji ya uvuguvugu kikombe kimoja kwa tui la kwanza. Kolekole aliyevuliwa kwa mshipi, matamvua mekundu. Ndimu dakika kumi. Makaa na vifuu vya nazi juu yake, kwa sababu vifuu vilikuwepo. Nyama chini kidogo, kisha ngozi chini mpaka mwisho. Nimepaka mara mbili kwa kipande cha kumbi la nazi nilichokiponda ncha ikawa kama brashi.

Tui limemkamata. Halijakatika. Pembeni lilianza kutoa vitone vidogo vya mafuta kama Kifumbu alivyosema, na tone la kwanza lilipogonga kifuu, moshi ukapanda, nikaijua harufu ile papo hapo. Mke wangu alikuwa ndani akatoka nje kuuliza nani amekuja na chakula cha Lamu.

Lakini mambo mawili bado. Mkia ulikauka. Na ukwaju unakuja mwanzo, unaipiga nazi kabla haijakaa ulimini. Kule Langoni ulikuja mwisho. Nimetia baada ya kuepua kama nilivyoelekezwa.

#42 MpishiWaHoteli (Malindi)

Hongera! Mkia: usiweke makaa chini ya mkia. Yasogeze yote upande wa kichwa na mabegani, nyama nene iko huko.

#43 Muamu_Asli (Lamu)

Ukwayu hautiwi katika tui. Mamangu aliupaka katika samaki, ndani ya mikato, kabla ya kutia motoni. Tui lapita yuu. Ndiyo maana ulimi wapata nazi mbee.

#44 BintiLangoni (Lamu)

Sisi tunatia kwenye tui, na miaka sita nimepeleka hotelini hivyo. Kinachouchelewesha ni kwamba ukwaju wetu ni wa mwaka jana, mweusi, umeshakuwa mtamu kidogo. Ukwaju mpya wa kahawia unakata ulimi. Wewe umetumia upi?

#45 Mla_Kolekole (Malindi)

Mpya. Wa kahawia.

#46 Kifumbu (Mombasa)

Au umetia mwingi. Kabla ya kutafuta ukwaju wa mwaka jana, punguza nusu.

#47 Mpwani_Nairobi (Nairobi)

Mimi nimepata jiko la makaa, nimeliweka kwenye roshani, jirani wa juu amelalamika kuhusu moshi. Nikampelekea sahani. Sasa anauliza Jumapili napika saa ngapi.

#48 Mwalimu_Pwani (Malindi)

Tukimaliza hili, naomba mtu afungue uzi wa mkate wa mofa. Wa unga wa mtama, wa tanuri la udongo. Hapa Malindi nimeutafuta sana na nimekata tamaa.

#49 BintiLangoni (Lamu)

Mwalimu, tanuri ndilo shida, si unga. Fungua wewe, nitakuja.

#50 Mla_Kolekole (Malindi)

Jumamosi ijayo nafanya samaki wawili. Mmoja ukwaju kwenye mikato kama Muamu_Asli, mmoja kwenye tui kama BintiLangoni, nusu ya kipimo. Makaa upande wa kichwa. Na safari hii natafuta tewa. Baba nahodha, nikimpata wa jarife, yaani wa wavu, ni sawa?

#51 NahodhaMstaafu (Kizingitini)

Wa mshipi ni bora. Wa jarife pengine amekufa wavuni tangu usiku, hujui saa ngapi. Ukikosa, chukua wa jarife, lakini funua matamvua kwanza.